Kujumlisha alama hakutoi umri: jibu kwa anayejenga mfumo wa kupanga video kwa umri

SWALI: Ndugu mtaalamu, tunaunda programu ya kuonyesha video na tunataka kila video ipewe daraja la umri. Tumeweka vigezo saba: ukatili, ngono, utupu, lugha chafu, dawa za kulevya, vitisho na mada nzito. Mkaguzi anatoa alama 0 hadi 10 kwa kila kigezo, kisha programu inajumlisha. Jumla ya 0 hadi 15 ni watu wote, 16 hadi 30 ni miaka 12 na kuendelea, 31 hadi 45 ni miaka 16, zaidi ya hapo ni miaka 18. Tatizo ni kwamba filamu yenye tukio la ubakaji imepata 14 (ngono 9, vitisho 3, lugha 2) ikaingia kwenye watu wote, huku katuni ya vita vya roboti ikipata 33. Tumeanza kuvipa vigezo uzito tofauti, lakini tukirekebisha huku kunaharibika kule, na tayari video kama 400 zimeshapanda. Uzito sahihi ni upi?

JIBU: Hakuna uzito sahihi, na mkiendelea kuutafuta mtapoteza miezi. Kosa liko kwenye alama ya kujumlisha. Swali hili huja kila mara likiwa na vigezo tofauti na mipaka tofauti, lakini ndani yake mna dhana moja: kwamba madhara ya video ni kama mzigo wa gari, unapima kila gunia kisha unajumlisha kilo. Sivyo yalivyo.

Chukueni hesabu yenu wenyewe. Ili ile filamu ifike miaka 18 ni lazima jumla ivuke 45. Mkiizidisha ngono mara 4 mnapata 36, ongeza 5 za vigezo vingine, 41: bado iko miaka 16. Mkizidisha mara 5 mnapata 45 na 5, yaani 50, na filamu imekaa mahali pake. Sasa chukueni filamu ya mapenzi yenye mabusu mawili, mkaguzi kaipa ngono 2. Kwa uzito huo huo 2 imekuwa 10. Ongeza lugha 3 na vitisho 3, jumla 16, na filamu isiyo na tatizo imefungiwa watoto wote walio chini ya miaka 12. Ndiyo maana mnarekebisha huku kunaharibika kule.

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, alama hizi ni za mpangilio tu. 8 inasema tukio ni zito kuliko la 4; haisemi ni zito mara mbili. Tarakimu za namna hiyo hazijumlishwi wala hazigawanywi kutafuta wastani, hata kama kompyuta itakubali kufanya hivyo bila kulalamika. Ya pili, vigezo havifidiani. Kutokuwepo kwa utupu na dawa za kulevya hakupunguzi chochote kwenye tukio la ubakaji. Sufuri nne hazikuifanya ile filamu kuwa salama, ziliificha tu. Na upande wa pili, mambo madogo kwenye katuni hayageuki kuwa jambo moja kubwa kwa sababu tu ni mengi.

Wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi hawajumlishi. Mfumo wa Kijkwijzer wa Uholanzi, unaotumika tangu 2001, hupata umri kwa kila kigezo peke yake, na umri mkubwa kuliko yote ndio unaobandikwa. Australia hupima vipengele sita (mada, ukatili, ngono, lugha, dawa za kulevya, utupu) kwa ngazi ya athari, kuanzia hafifu sana kwa daraja la G (watu wote), hafifu kwa PG (ushauri wa mzazi), wastani kwa M, nzito kwa MA 15+, hadi kubwa kwa R 18+. Kipengele chenye athari nzito kuliko vingine ndicho kinachovuta daraja. Kwenye msimbo wenu hiyo ni mstari mmoja: badala ya jumla, chukua kilicho cha juu.

Lakini msibadilishe mstari huo mmoja mkaacha mengine yalivyo, kwa sababu vigezo vyenu navyo vina kasoro.

Kwanza, ukatili wa kingono haukai ndani ya ngono. Mkiuchanganya humo, mizani ile ile inalazimika kupima mapenzi ya hiari na shambulio, na mkaguzi hana namna ya kutofautisha. Uwe kigezo chake. Kingine mlichokisahau ni tabia hatari zinazoigika: kujidhuru kunakoonyeshwa kwa njia na vifaa, michezo ya kukabana shingo, kutengeneza silaha kwa vitu vya nyumbani. Mtoto anayetazama hahitaji kuona damu ili aumie. Anahitaji tu kuona namna ya kufanya. BBFC, chombo cha Uingereza cha kupanga filamu kwa umri, huyapima yote mawili peke yake. Ubaguzi nao ufikirieni. Mkifika vigezo tisa au kumi mko vizuri. Mkifika kumi na tano wakaguzi wataanza kubonyeza bila kusoma.

Pili, ngazi 0 hadi 10 ni nyingi mno. Hakuna anayeweza kuandika maelezo kumi na moja tofauti ya matusi, kwa hiyo mkaguzi mmoja ataweka 6 na mwenzake 7 kwa hisia tu. Tumieni 0 hadi 4, na kila ngazi iandikwe kwa kitu kinachoonekana au kusikika, si kwa maneno kama “kiasi” au “kali”. Kwa ukatili inaweza kuwa hivi:

0: haupo kabisa.
1: kusukumana, purukushani za kufikirika, hakuna anayeumia.
2: mapigano yenye maumivu, bila damu wala jeraha kuonyeshwa kwa karibu.
3: jeraha, damu au maiti vinaonekana, lakini kamera inapita.
4: kamera inakaa juu ya jeraha, mateso yanarefushwa, au ukatili unaonyeshwa kama raha.

Mkaguzi akibishana na maelezo hayo anabishania picha iliyo mbele yake, na hapo mnaweza kuelewana.

Tatu, ngazi si umri. Hapa wengi hujikwaa hata baada ya kuacha kujumlisha: wanasema ngazi 3 ni miaka 16 kwa kila kigezo. Ngazi 2 ya lugha inaweza kuwa miaka 12 na ngazi 2 ya ukatili wa kingono ikawa miaka 16 au 18. Tengenezeni jedwali: vigezo upande mmoja, ngazi juu, na ndani ya kila kisanduku umri wake. Jedwali hilo likae kwenye hifadhidata, lisikae ndani ya msimbo, na liwe moja kwa kila nchi mnayohudumia. Ujerumani hutumia 0, 6, 12, 16 na 18. Uingereza ina U (watu wote), PG, 12, 15 na 18. Mkihifadhi “16+” peke yake kwenye video, siku mkiingia nchi ya pili mtakagua kila kitu upya. Mkihifadhi ngazi, mnabadilisha jedwali tu. IARC, mfumo uliozinduliwa 2013 kwa michezo na programu, hufanya kazi kwa msingi huu: dodoso moja linajazwa, kila eneo linapata daraja lake.

Msijaribu njia ya mkato ya kutafsiri madaraja ya nchi moja kwenda ya nyingine. PG si umri, ni ushauri kwa mzazi. R ya Marekani haisemi miaka 18. Inasema aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Majedwali ya ulinganisho yanayosambazwa yanafuta tofauti hizo zote kwa safu moja.

Je, marudio hayahesabiwi? Yanahesabiwa, lakini ndani ya kigezo kile kile. Tusi moja zito na matusi arobaini si kitu kimoja, kwa hiyo kigezo cha lugha kinaweza kupanda ngazi moja kwa sababu ya wingi, na kisipande zaidi ya hapo. Mfumo wa Marekani unafanya hivyo kwa uwazi: neno zito la matusi lenye asili ya ngono likitumika mara moja, filamu huanzia PG-13 (onyo kwa wazazi wa walio chini ya miaka 13); likizidi mara moja, huenda R. Hata hapo jopo linaruhusiwa kupiga kura na kuamua vingine, kwa sababu hesabu ya maneno peke yake haitoshi.

Muktadha nao uwe na mipaka. Wekeni orodha fupi iliyofungwa: ni elimu ya tiba, ni habari, ni ya kufikirika waziwazi, matokeo mabaya yanaonyeshwa. Kila kimoja kinaweza kushusha ngazi moja tu, na mkaguzi lazima aandike sababu. Kwa ukatili wa kingono na njia za kujidhuru kitufe cha kushusha ngazi kisiwepo kabisa. Mkiacha wazi, kila mwenye video atasema yake ni ya elimu.

Sasa kosa la hifadhidata ambalo haliongelewi vya kutosha: 0 na “haijakaguliwa” si kitu kimoja. Kama thamani ya kuanzia kwenye safu zenu ni 0, basi video ambayo hakuna aliyeigusa ina sufuri kila mahali na inatoka kama ya watu wote. Thamani ya kuanzia iwe tupu, na video yenye kigezo hata kimoja kilicho tupu isionekane kwa mtoto. Na msihifadhi ngazi ya mwisho tu. Kila tukio liwe na rekodi yake: kigezo, ngazi, dakika na sekunde linapoanza na kuisha, muktadha uliotumika, mkaguzi, na toleo la mwongozo alilotumia. Mzazi akilalamika, mnafungua dakika ya 47 na kuona. Bila hiyo mnatazama filamu nzima upya.

Daraja linakaa kwenye faili, si kwenye jina la filamu. Toleo refu lina matukio ambayo toleo la kawaida halina. Lugha hupimwa kwa kila njia ya sauti na kila manukuu, kwa maana mtafsiri anaweza kuongeza tusi ambalo halikuwepo au kulipooza lililokuwepo. Trela na picha ya utambulisho hupimwa peke yake. Tamthilia hupimwa kila kipindi, na jina la tamthilia hubeba daraja la kipindi kizito kuliko vyote. Anayechukua wastani wa vipindi kumi anarudia kosa lile lile la kujumlisha, amebadilisha jina tu.

Kuhusu wanaouza mashine za “kukadiria umri kwa sekunde” kwa akili mnemba, nasema wazi kwa kila anayejenga mfumo wa aina hii, si ninyi tu: wanaouza hivyo wanauza hatari. Utambuzi wa mashine una kazi nzuri ya kufanya, nayo ni kumwonyesha mkaguzi pa kuangalia: hapa pana damu, hapa pana ngozi nyingi, hapa pametamkwa neno hili. Hauwezi kutofautisha kwa uhakika mama anayenyonyesha na utupu wa kingono, daktari anayetaja kiungo na mtu anayetukana. Na kinachomtisha mtoto mara nyingi hakina neno wala damu: mlango unafungwa, mtu mzima anapunguza sauti, mtoto kwenye picha anaganda. Orodha ya maneno inapita hapo bila kugusa kitu. Makosa ya kuzuia video njema yanaonekana upesi kwa sababu mwenye video hulalamika. Makosa ya kuachia video mbaya hayaonekani, kwa kuwa mtoto aliyeogopa haandiki barua pepe. Kwa hiyo muuzaji anayejivunia kwamba malalamiko ni machache hajathibitisha chochote. Mwulizeni mashine yake imekosa matukio mangapi kwenye video zilizokaguliwa na watu, kigezo kwa kigezo. Akitoa asilimia moja ya jumla, achaneni naye. Huyo naye amejumlisha.

Kabla ya kutumia mwongozo mpya, chagueni video 30, nusu yake ziwe zile zenye tukio moja zito ndani ya saa nzima ya utulivu. Wakaguzi wawili wazipime bila kuonana. Pimeni makubaliano yao kwa kappa ya Cohen yenye uzito wa ngazi (kipimo cha makubaliano ya watu wawili kinachoondoa yale ya bahati tu; 1 ni makubaliano kamili), kigezo kimoja kimoja. Chini ya 0.6 mwongozo haujaiva. Wakitofautiana ngazi moja, mkaguzi mwandamizi aamue. Wakitofautiana ngazi mbili, msiwalaumu wao, andikeni upya maelezo ya ngazi hizo.

Na hizo video 400 zisisubiri mfumo mpya. Bahati yenu alama za kila kigezo zipo bado. Leo hii chujeni kila video ambayo kigezo chochote kimefika 6 au zaidi lakini jumla yake iko chini ya 31, mziondoe kwenye akaunti za watoto, mzikague kwa macho kuanzia zenye ngono na vitisho. Kisha tafuteni zenye sufuri kwenye vigezo vyote saba, mwone ngapi kati yake zilitazamwa na mtu kweli.