Uliza Wakili: Mashemeji Wanasema Sikuolewa, Wanataka Niache Shamba

Mwezi huu maswali yamekuwa mengi kweli, mengine ya sauti, mengine picha za karatasi zimepigwa na simu usiku hata hazisomeki, nimechukua matano ambayo naona yanagusa watu wengi huku kwetu kuanzia Kyela mpaka Mafinga. Majina nimeyatoa. Ninachojibu hapa ni mwongozo wa jumla, kesi yako wewe inataka mtu akae chini asome karatasi zako moja moja, kwa hiyo usikate ukurasa huu ukaenda nao mahakamani kama ushahidi, kuna mtu alishafanya hivyo.

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Rungwe. Nimeishi na mume wangu miaka 14 mpaka Mungu alipomchukua mwezi wa tatu. Kanisani hatukufunga, mahari walileta ng'ombe wawili akabaki mmoja. Sasa mashemeji wamekaa kikao wanasema mimi sikuolewa nilikuwa naishi tu, shamba la migomba na nyumba ni vya ukoo, mimi nirudi kwetu watoto wabaki. Nyumba tumejenga wote, mimi ndo nilikuwa napeleka ndizi Mbeya mjini. Wameleta karatasi nisaini kabla ya arobaini. Nifanyeje? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa msiba. La kwanza kabla ya yote usisaini hiyo karatasi. Hata wakikwambia ni ya mahudhurio ya kikao, hata akija mchungaji, mwambie nitasaini nikishasomewa na mtu wangu. Kesi nyingi za wajane ninazozipokea hapa ofisini zimeharibikia hapo hapo, mama amesaini akiwa bado analia, akija kwangu karatasi inasema ameridhia mwenyewe.

Sasa hilo la kusema hukuolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawa wanawajua kama mume na mke, basi sheria inachukulia kwamba walioana. Wewe una miaka 14, watoto watatu, na mahari ilishaanza kutolewa, hiyo yenyewe inaonyesha wazee wa pande zote mbili walikujua wewe ni mke. Ila nisikudanganye mama, hiyo ni dhana tu, ndugu wanaweza kuipinga kwa ushahidi, kwa mfano wakionyesha marehemu alikuwa na ndoa nyingine. Ndo maana unahitaji mashahidi, balozi wako wa nyumba kumi, jirani, mtu wa jumuiya yenu kanisani, kadi za kliniki za watoto zenye jina la baba, chochote.

Halafu tenganisha vitu viwili ambavyo mashemeji wanavichanganya makusudi. Kuna mali ya marehemu na kuna mali yenu. Nyumba mliyojenga pamoja siyo yote ya marehemu, jasho lako limo na fungu lako halitakiwi kuingia kwenye mirathi kabisa, linatolewa kwanza halafu kinachobaki ndo wanagawana warithi. Na jasho siyo hela peke yake, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka lakini hoja yake inatusaidia mpaka leo. Hili nalisisitiza kwa sababu sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 bado zipo, na zile zinamweka mjane pabaya, zinamhesabu kwamba atatunzwa na watoto wake badala ya kurithi mwenyewe. Kwangu mimi ile ni sheria iliyopitwa na wakati na inaumiza watu na ilitakiwa iwe imeshaondolewa, lakini wakati bado ipo usiende kuomba urithi tu, nenda kudai kwanza kilicho chako.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja na mfuko wa nailoni unanuka moshi, alikuwa anaufunga darini juu ya jiko. Ndani risiti za dukani, wino umeshafifia, moja imeandikwa bati 28, misumari kilo 3, na juu pale kwenye jina la mteja muuza duka aliandika jina la huyo mama kwa sababu yeye ndo alienda kuzichukua. Mume hakutajwa popote. Ile risiti moja ilituliza kikao kizima cha ukoo. Kwa hiyo mama tafuta risiti, tafuta fundi aliyejenga, tafuta hata mtu wa gari aliyekuwa anakubebea ndizi.

Kama shamba la migomba kweli lilikuwa la babu yao hapo ni pagumu zaidi, ila hata hapo watoto wako ni watoto wa marehemu na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidika na mali ya mzazi wake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu.

Cha kufanya wiki hii, chukua cheti cha kifo, nenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu uliza kama kuna mtu ameshafungua mirathi ya mume wako. Kama amefungua weka pingamizi, kama bado fungua wewe. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, mahakama ndo inateua msimamizi, na msimamizi siyo mwenye mali, anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni. Usiondoke kwenye nyumba. Na kama huna hela ya wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri, pita kwa afisa ustawi wa jamii akuelekeze, ni bure.

SWALI: Bro mambo, mi ni bodaboda wa Mwanjelwa. Nilipewa pikipiki ya mkataba, elfu kumi kwa siku Jumapili napumzika, miezi 14 halafu inakuwa yangu. Nimemaliza miezi 12 vizuri, wa 13 nikaugua siku tisa sikupeleka hesabu, bosi akaja na ufunguo wa akiba akaichukua anasema tuliandika siku tatu bila hesabu mkataba umekufa. Nimeshampa zaidi ya milioni tatu. Washkaji wanasema nikaivizie niichukue. Kweli ndo imeisha hivyo?

JIBU: Hapana haijaisha, na usiivizie. Kadi bado ina jina la bosi, ukiichukua usiku kesho anaripoti wizi na kesi inageuka, wewe mwenye haki unakuwa mtuhumiwa.

Twende kwenye hesabu. Elfu kumi mara siku 26 mara miezi 12 ni 3,120,000. Mkataba mzima ni 3,640,000. Umebakiza 520,000 tu, na zile siku tisa hata zote zikiwa za kazi ni 90,000. Sheria ya Mikataba inasema mkiandika adhabu kwenye mkataba, mahakama haifuati tu kilichoandikwa, inaangalia fidia ya haki, na kile kiasi mlichoandika ndo mwisho wake. Sasa wakili yeyote atasimama pale aulize, kwa kuchelewa 90,000 ndo mtu apoteze pikipiki aliyolipia milioni tatu? Bosi atasema ilikuwa ya kukodi tu. Hapo ndo neno lililoandikwa kwenye karatasi yenu linapima kila kitu, kama imeandikwa "atakabidhiwa kadi baada ya miezi 14" una nguvu, kama imeandikwa "kukodisha" basi una kazi ya kufanya.

Kusanya meseji za M-Pesa, daftari la hesabu na karatasi ya hospitali ya zile siku tisa. Mwandikie barua ya madai, mpe siku 14, mwambie upo tayari kumalizia 520,000. Akikataa nenda Mahakama ya Mwanzo, na mapema, omba na zuio asiiuze kesi ikiwa inaendelea. Polisi hawakusanyi madeni ya mkataba, usipoteze hela ya soda huko. Na wengine mnaosoma mnaoanza mkataba wa boda wiki hii, andikeni mtu akiugua inakuwaje, mstari mmoja tu.

SWALI: Kamwene wakili. Nipo Mafinga, ni opereta wa dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, miaka mitatu kamili, mshahara 390,000 kwa mwezi, mkataba wa kuandika hakuna. Tarehe moja bosi kaniambia kwa mdomo kesho usije, mbao zimepungua. Mshahara wa mwezi wa mwisho hajanipa, likizo sijawahi kwenda. Leo ni wiki ya tano, nilikuwa namsubiri kwa sababu aliahidi ataniita.

JIBU: Kamwene ndugu yangu. Hapo kwenye kumsubiri ndo umeumia, na wengi wanaumia hapo, bosi anakwambia ntakuita, wewe kwa heshima unakaa, siku zinakatika.

Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wenyewe tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Wiki tano ni siku 35. Umechelewa siku tano. Lakini madai mengine kama mshahara wako na likizo yana siku 60, hayo bado upo ndani. Kwa hiyo kesho asubuhi panda gari nenda Iringa, jaza fomu namba 1 ya madai, na kwa hilo la kuachishwa jaza na fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, eleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na kama ahadi ya kukuita ipo kwenye meseji usifute, hiyo ndo sababu yako. Kukubaliwa siyo lazima, ila ukienda ukiwa umechelewa siku tano siyo sawa na miezi mitano.

Kukosa mkataba wa kuandika kusikutishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndo akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kesi ikija asipoyatoa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Uliyekuwa unalipwa kwa mwezi ulistahili notisi ya siku 28 au malipo yake, na likizo ni siku 28 kwa mwaka. Halafu kiinua mgongo, siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka kumi. Kwako 390,000 gawa kwa siku 26 za kazi ni 15,000, mara 7 mara 3 ni 315,000. Omba na cheti cha utumishi, na hicho nacho ni haki yako.

SWALI: Mdogo wangu amekamatwa Uyole kwa ugomvi wa baa, yupo kituoni siku ya pili wanataka 150,000 ya dhamana. Hiyo ndo bei?

JIBU: Dhamana haina bei kaka. Inatakiwa ndani ya saa 24 awe amefikishwa mahakamani au amepewa dhamana ya polisi, na ugomvi wa baa unadhaminika, siyo kama mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha. Nenda na mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa, omba kumuona mkuu wa kituo mwenyewe, ongea kwa upole, uliza kama kuna risiti ya hiyo 150,000. Neno risiti huwa linasaidia sana. Ikishindikana TAKUKURU wanapatikana kwa 113, bure.

SWALI: Wakili habari. Nakaa Makambako, mwaka 2020 nilinunua ekari tano kijijini huko Njombe kwa mzee mmoja nikapanda parachichi. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili na mwenyekiti wa kitongoji akapiga muhuri. Mzee amefariki, mke wake anasema hakuwahi kukubali na vijana wameng'oa miche zaidi ya arobaini. Nilishaenda baraza la kata wakasema hawahukumu.

JIBU: Baraza wako sahihi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata kwenye ardhi linasuluhisha tu, lina siku 30, likishindwa linakupa cheti unakwenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila kupita usuluhishi wilayani hawakusikilizi, kwa hiyo rudi ukaombe usuluhishi rasmi, siyo hukumu.

Sasa karatasi yako, nasema kwa kukuonea huruma, ina mapengo mawili. Ardhi ya kijiji inauzwa kwa kibali cha halmashauri ya kijiji, muhuri wa kitongoji hautoshi, na mahakama zimeshatengua mauzo mengi kwa sababu hiyo hiyo. La pili ni mke, ardhi ambayo familia ilikuwa inaitegemea huwezi kununua kwa mume peke yake. Huyo mama hakuonei, anatetea haki ileile niliyomwambia mama wa Rungwe hapo juu adai. Ningekuwa wewe ningeanza kwake, niende na mtu mzima anayeheshimika pale kijijini, tuongee, ikiwezekana nimuongezee kitu asaini, halafu wote tuende halmashauri ya kijiji wakae kikao watoe muhtasari na tuombe hati ya hakimiliki ya kimila.

Akikataa kabisa, dai ardhi au angalau hela yako na gharama za miche, lakini usiwashtaki wale vijana kama wenye shamba, anayeshtakiwa kwa mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Hajateuliwa? Basi uliza mahakamani nani anafungua. Kudai ardhi una miaka 12, kudai hela ya mkataba ni sita, na wewe 2020 siyo jana.

Kung'oa miche ni jambo jingine, hilo linaweza kuwa kosa la jinai hata shamba likiwa na mgogoro, karipoti polisi upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako. Na uende shambani leo na mwenyekiti wa kitongoji, mhesabu mashimo pamoja na mpige picha miche kabla haijakauka kabisa, maana ikishakauka watasema ilikufa kwa jua.