Mwingereza Aliyekanyagiwa Kofia Bilbao

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, na jioni huwafundisha soka vijana wa mtaa wetu wa Pasua. Juma lililopita tulibishana kijiweni kuhusu Athletic Bilbao. Mwenzangu alisema kwamba klabu hiyo, ambayo haisajili mchezaji asiye wa nchi ya Wabasque kule kaskazini mwa Hispania, ilipewa mafanikio yake makubwa na Mwingereza ambaye wachezaji wake walikuwa wakimvua kofia na kuikanyagakanyaga. Mimi nikamjibu kuwa klabu inayokataa wageni haiwezi kumkabidhi mgeni timu, na kwamba mchezaji anayekanyaga kofia ya mwalimu wake hafundishiki. Tuamulie, na utueleze mtu huyo alikuwa nani.
Mwalimu wa Pasua, Moshi

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, Mwalimu, tena kwa yote mawili. Mnayembishania ni Fred Pentland, aliyezaliwa Wolverhampton mwaka 1883, akawa winga wa klabu kadhaa zikiwemo Blackburn Rovers, Queens Park Rangers na Middlesbrough, na akaichezea timu ya taifa ya England mara tano mwaka 1909. Uchezaji wake tuupite haraka, kwa kuwa mawinga wa kiwango chake hawakuwa haba.

Mwaka 1914 alikwenda Ujerumani kuiandaa timu ya Olimpiki ya nchi hiyo, lakini vita vilipoanza akajikuta amefungiwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi jijini Berlin uliogeuzwa kambi ya maelfu ya raia wa Uingereza, miongoni mwao mshambuliaji mashuhuri Steve Bloomer. Wafungwa hao waliendesha ligi yao wenyewe humo kambini. Vita vilipokwisha, Pentland aliifundisha Ufaransa katika Olimpiki ya 1920, akapitia klabu ya Santander huko Hispania, na mwaka 1922 akachukuliwa na Athletic, ambayo mwaka uliofuata ilitwaa Kombe la Hispania.

Kuhusu ugeni, sharti la klabu hiyo linamhusu mchezaji, ambaye lazima awe mzaliwa wa nchi ya Wabasque au awe amelelewa kisoka huko; kocha halimgusi hata kidogo. Tena Bilbao, mji wa bandari uliokuwa ukiuza madini ya chuma Uingereza, ulijifunza kandanda kwa mabaharia na mafundi wa Kiingereza, ndiyo maana jina lenyewe la klabu ni la Kiingereza. Kumwajiri Pentland kulikuwa sawa na kumrudia fundi aliyekuuzia cherehani.

Ila alichowafundisha hakikuwa kile walichozoea kukiona kwa Waingereza, yaani kubutua mpira mbele na kuukimbilia. Aliwataka wapigiane pasi fupi za chini na kuutunza mpira mpaka nafasi ipatikane. Inasimuliwa kwamba somo lake la kwanza lilikuwa namna ya kufunga kamba za viatu, kwa maelezo kwamba ukiyafanya sawasawa yaliyo mepesi, mengine yatafuata. Mimi naliamini simulizi hilo, kwa sababu nimeona mabeki wangapi hapa Arusha, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, wakiinama kufunga kamba huku winga anawapita!

Baada ya kuzifundisha timu nyingine, zikiwemo za Madrid na Oviedo, alirejea Bilbao mwaka 1929, na hapo ndipo penye utamu. Msimu wa 1929/30 Athletic ilitwaa ubingwa wa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikishinda 12 na kutoka sare 6. Ikautetea msimu uliofuata, na ikachukua Kombe la Hispania miaka minne mfululizo, 1930 hadi 1933. Tarehe 8 Februari 1931 iliifunga Barcelona mabao 12 kwa 1, na mshambuliaji Bata peke yake alifunga saba. Mwezi Mei 1929, Pentland alikuwa pia miongoni mwa walioiandaa Hispania ilipoifunga England mabao 4 kwa 3 mjini Madrid, nayo ikawa timu ya kwanza ya nje ya Visiwa vya Uingereza kuishinda England.

Sasa kofia. Ilikuwa ile nyeusi, ngumu, ya duara, ambayo Wahispania huiita bombín, na kwayo wakamwita El Bombín. Wachezaji walizoea kumpokonya kila baada ya ushindi mkubwa na kuirukia mpaka ibondeke, hata yeye mwenyewe akawa anawatania, mchezo ukikaribia kwisha, kwamba kofia yake imebakiza dakika tatu za kuishi. Kwa timu iliyokuwa ikishinda namna ile, hata akinunua za mitumba pale soko la Memorial, Moshi, mshahara ungekatika. Hiyo haikuwa dharau, Mwalimu. Desemba 1959, Pentland akiwa na miaka 76, klabu ilimwalika tena uwanjani kwake San Mamés na kucheza na Chelsea kwa heshima yake.

Wahispania hadi leo humwita kocha wao “míster”, yaani “bwana” kwa Kiingereza, kama vijana wako wanavyokuita mwalimu. Wako wanaosema neno hilo lilianza kwa Pentland, ingawa Waitaliano nao hulitumia, na wao humtaja Mwingereza mwingine, William Garbutt, aliyeanza kuifundisha Genoa mwaka 1912. Ubishi huo nawaachia wenyewe pale kijiweni.