Jibu: Emulsheni inatoka yote wakati wa kuosha skrini

Ndugu, umesema unapoosha skrini ya kuchapia fulana (fremu ya wavu iliyopakwa emulsheni, dawa inayogandishwa na mwanga), picha inaanza kuonekana, halafu emulsheni yote inamomonyoka na maji. Pitisha kidole upande wa ndani wa skrini, ule unaowekwa wino, ukiwa unaosha. Kama unateleza kama kamasi, mwanga haukutosha: upande ulioelekea taa umeganda, wa ndani bado mbichi.

Usikisie muda, pima. Taa ikiwa inawaka, funika skrini kwa kadibodi, uwe unaisogeza kidogo kidogo kila baada ya dakika moja, kisha uoshe. Sehemu iliyoshika vizuri na bado mistari myembamba imefunguka, huo ndio muda wa taa yako. Ukitumia jua la mchana, hesabu kwa sekunde badala ya dakika.

Ila kabla ya taa, angalia ukavu. Pwani, na unyevu huu, emulsheni inaweza kuonekana kavu juu wakati ndani ina maji, na ikiwa hivyo haitashika hata uipige mwanga vipi. Laza skrini gizani, upande unaogusa fulana ukiwa chini, feni ikipuliza. Paka tabaka jembamba, mara moja kila upande. Wavu uoshe kwanza kwa sabuni ya vyombo kuondoa mafuta. Kwa fulana, wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unatosha.

Na tafadhali, kama unachanganya kwenye emulsheni ile dawa ya rangi ya chungwa ya kuifanya ishike mwanga, bikromati, vaa glavu. Inasababisha saratani. Mimi ningehamia diazo, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo.