Kidonda kimepona, virusi bado vipo

Shikamoo daktari. Mke wangu katokwa na malengelenge sehemu za siri, hospitali wamesema ni hepesi. Tuna miaka saba ya ndoa na mimi sijawahi kuugua. Huu si ushahidi kwamba ametoka nje? — Baba wawili, Morogoro

Marahaba. Hapana, si ushahidi. Wengi wenye hepesi hawajijui: hawajawahi kuona kidonda, au waliwashwa siku mbili wakadhani ni fangasi, au wembe umewachuna. Virusi vikishaingia hupanda kwenye mishipa ya fahamu na kujificha karibu na uti wa mgongo, hata miaka mingi, kisha siku moja vinashuka tena kwenye ngozi. Huenda mkeo alikuwa navyo kabla hamjaoana. Huenda ni wewe uliyekuwa navyo, ukampa bila kuugua hata siku moja. Kuna na njia ambayo watu huisahau, nayo ni mdomo: vile vipele vinavyotoka midomoni mtu akishikwa na homa ni hepesi pia, aina ya kwanza, na kwa ngono ya mdomo huhamia chini. Kipimo cha damu, mahali kinapopatikana, kitakuambia kama unavyo; hakitakuambia ulivipata mwaka gani wala kwa nani. Kwa hiyo kabla hujaita kikao cha wazee, nendeni kliniki wote wawili, mpime na VVU na kaswende.

Bibi yangu wa miaka 74 ana mkanda wa jeshi. Kwenye cheti wameandika "hepesi zosta". Nimeshindwa hata kumtazama usoni. — Mjukuu, Tanga

Mrudishie bibi heshima yake leo hii! Jina ni la ukoo mmoja, virusi ni vingine. Mkanda wa jeshi unaletwa na virusi vya tetekuwanga aliyougua zamani, na ngono haihusiki kabisa. Ila asiyewahi kuugua tetekuwanga asiguse malengelenge yake mabichi.

Tunachangia choo wapangaji sita. Naweza kuambukizwa hepesi ya sehemu za siri? — Mpangaji, Mombasa

Kwa choo, hapana. Virusi hivi vinahitaji ngozi kwa ngozi. Nje ya mwili havidumu.

Nina mimba ya miezi minane na hepesi ninayo tangu chuo. Mtoto atapona kweli? — Mama mtarajiwa, Dodoma

Hofu yako naielewa, lakini aliye hatarini zaidi ni mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza miezi ya mwisho, kwa sababu mwili wake haujapata muda wa kutengeneza kinga ya kumpa mtoto. Wewe kinga hiyo unayo. Mwambie mkunga sasa, usingoje uchungu. Daktari anaweza kukuanzishia asiklovia, dawa ya kupunguza nguvu za hepesi, wiki ya 36, na siku ya kujifungua ukiwa na vidonda, au ule mchomo unaovitangulia, utafanyiwa upasuaji ili mtoto asipite penye virusi. Akishazaliwa, mgeni mwenye vipele mdomoni asimbusu, hata awe shangazi.

Kuna mtu anauza dawa ya kumaliza hepesi kabisa kwa laki mbili. Ninunue? Na mchumba wangu nimlindeje? — Kijana, Mwanza

Usinunue. Vidonda vya mara ya kwanza hukauka vyenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne, na muuzaji anajua hivyo. Unakunywa mizizi yake, vinakauka, anapewa sifa. Dawa ya kuvifukuza virusi mwilini haipo. Asiklovia hufupisha mateso ukiiwahi, na anayetokwa mara kwa mara anaweza kuandikiwa ya kumeza kila siku, ambayo inapunguza vidonda kurudi.

Kuhusu mchumba: jifunze dalili zako. Wengi husikia kuchomachoma, ganzi au maumivu yanayoshuka pajani saa kadhaa kabla ya vipele. Hapo hapo ngono isimame mpaka ngozi ikauke kabisa. Siku nyingine zote tumia kondomu, ukijua kwamba inapunguza hatari bila kuimaliza: haifuniki ngozi yote, na virusi huweza kutoka hata pasipo kidonda. Akiambukizwa hepesi ya aina ya pili, ile iliyozoeleka sehemu za siri, hatari yake ya kupata VVU hupanda karibu mara tatu, ndiyo maana ana haki ya kujua kabla. Mwambie mchana, mkiwa mmevaa nguo.