Anza na Sauti: Ushauri kwa Anayejenga Huduma ya Mazungumzo ya Video ya Kikundi

Hivi karibuni nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana anayesomea kompyuta hapa Mombasa. Baada ya salamu aliniandikia hivi: “Kaka, nimetengeneza programu ya kuzungumza kwa video. Tukiwa wawili inafanya kazi vizuri, lakini tukifika watano simu zinapata moto na picha zinaganda. Nibadilishe kodeki au nikodi seva kubwa zaidi?” Maswali ya aina hii hunifikia mara kwa mara tangu huduma yetu ilipoanza kutumiwa na madrasa na familia za hapa Pwani, na kwa kuwa najua wasomaji wangu wengi wana azma hiyohiyo, nimeona nimjibu kwa urefu na mbele ya wote.

Jibu fupi ni kwamba si kodeki, yaani programu inayobana sauti na picha ili zisafiri, wala si seva kubwa itakayomfaa kwa sasa, kwa sababu tatizo lake limo katika mpangilio wa viungo vinavyoziunganisha simu. WebRTC, teknolojia ambayo Google iliiweka wazi kwa watu wote mwaka 2011 baada ya kuinunua kampuni ya Global IP Solutions, na ambayo shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, liliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021, inaviwezesha vivinjari viwili kupelekeana sauti na picha bila mtumiaji kupakua chochote. Anayeiona ikifanya kazi kati ya watu wawili hudhani kuwa kikundi ni kazi ileile iliyorudiwa mara kadhaa. Sivyo. Watu wawili wanahitaji kiungo kimoja, wanne wanahitaji sita, na kumi wanahitaji 45; kila simu kati ya hizo kumi italazimika kutuma picha yake mara tisa na kupokea nyingine tisa kwa wakati mmoja. Hiyo ni karamu ambayo kila mgeni ameamriwa kumpikia kila mgeni mwenzake, na simu ya bei nafuu haina jiko la kufanya hivyo.

Dawa yake ni seva ya kusambaza, ambayo wenye kazi hii huiita SFU. Kila mshiriki hutuma mkondo wake wa sauti na picha mara moja tu, na seva huwapelekea wengine bila kuichora picha upya. Mifumo ya zamani ilichanganya picha za wote kuwa moja ndani ya seva, kazi iliyohitaji mashine zenye nguvu na pesa nyingi; seva ya kusambaza haifanyi hivyo, na ndiyo maana watu wadogo kama sisi tunaweza kumudu kuiendesha. Simu nayo inaweza kutuma picha ileile kwa ukubwa wa aina mbili au tatu, ili mwenye mtandao mzuri apewe kubwa na mwenye bando la kubahatisha apewe ndogo, bila mmoja kumponza mwingine.

Nawaomba pia msiandike seva hiyo kuanzia mwanzo. Jitsi, iliyoanzishwa na Emil Ivov mwaka 2003 alipokuwa mwanafunzi Strasbourg, ni programu huria yenye seva ya kusambaza iliyokomaa. Ipo Janus, iliyotoka kwa kampuni ya Meetecho ya Napoli nchini Italia, na ipo mediasoup. Chukueni mojawapo, msome msimbo wake kwa subira, kisha nguvu zenu mzielekeze mahali ambapo hao hawakufika, yaani kwa watu wenu wenyewe.

Sisi tulianzia hapo kwa watu wetu. Mnamo Machi 2020, shule na madrasa zilipofungwa kwa sababu ya korona, ustadhi anayewafundisha watoto wa mtaani kwetu alitaka darsa ya jioni isikatike. Alijaribu Zoom, lakini kikao cha bure kilikuwa na mwisho wa dakika arubaini, na nusu ya watoto walikuwa wakiingia kwa simu za mama zao, kwa data ya kununua kidogo kidogo. Mwenzangu na mimi tulikuwa tumekwisha kucheza na WebRTC kwa muda, tukaamua kumjengea ustadhi mahali pake. Miezi ya kuandika kurasa za kujisajili na kurekebisha vitufe haina la kusimulia, hivyo nitairuka.

Ninalotaka kulieleza kwa kina ni sauti. Tuliposikiliza darsa ya kwanza tuligundua jambo ambalo sikuwahi kuliona katika mwongozo wowote wa teknolojia hii. Ustadhi alikuwa akimsomesha mtoto aya, mtoto anarudia, naye anamrekebisha matamshi. Lakini kila mtoto alipovuta herufi ya madi, sauti yake ilififia kabla hajaimaliza. Sababu ilikuwa kichujio cha kelele kilichomo ndani ya kivinjari. Kichujio hicho kimeundwa kwa mazungumzo ya kawaida, na huichukulia sauti inayoendelea bila kubadilika kuwa ni feni au injini, kikaanza kuipunguza. Vilevile, sauti ilipobanwa mno ili kuokoa data, tofauti kati ya herufi za Kiarabu sini na swadi ilipotea, na mwalimu wa tajwidi asiyeisikia tofauti hiyo hana la kufundisha.

Tukampa mwalimu na mwanafunzi anayesoma uwezo wa kukizima kichujio, jambo ambalo kivinjari hukubali kwa agizo moja tu wakati wa kuomba kipaza sauti. Kisha tukaipandisha sauti hadi kilobiti 32 kwa sekunde na kuwasha urekebishaji wa makosa uliomo ndani ya kodeki ya Opus, ili pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, ikipotea njiani, inayofuata ibebe sehemu ya kile kilichopotea. Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012, huweza kufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ipo. Ustadhi alipoisikia sauti mpya aliniambia, “Sasa namsikia mtoto, sisikii simu,” na mpaka leo sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Hesabu yenyewe inawapa sauti haki ya kutangulia. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Sauti ya kilobiti 32, hata ukiongeza mizigo ya pakiti, haifiki megabaiti 30 kwa saa hiyohiyo. Familia inayonunua bando la siku inaifahamu tofauti hiyo kuliko mhandisi yeyote. Kwa hiyo katika huduma yetu mtandao ukipungua tunaondoa picha kwanza, ya watazamaji kabla ya ya mwalimu, na sauti haiguswi hadi mwisho kabisa. Kila jaribio la kubadilisha utaratibu huo nimelikataa, na nitaendelea kulikataa.

Jambo la pili ni mahali seva inapokaa. Wengi hukodi seva Ulaya kwa sababu ni rahisi, kisha wanashangaa kwa nini watu wa Likoni na Kisauni, mitaa ya hapahapa Mombasa, wanaingiliana maneno. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya wa kilomita 10,000 unakula milisekunde 50 kwa kwenda tu, na sauti inayotoka Likoni kwenda Ulaya na kurudi Kisauni imekwisha kutumia milisekunde 100 kabla ya simu na seva kuongeza ucheleweshaji wao. Shirika la ITU, la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kwa raha. Tunakaa katika mji ambao nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tena kituo cha kubadilishana data cha KIXP kipo Nairobi na kina tawi hapa Mombasa. Tumieni seva iliyo nchini kila mnapoweza. Faida yake si kasi tu: Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, na aliyekuwa na seva karibu alikuwa na njia fupi ambayo haikupitia kwenye nyaya hizo.

Sasa niseme lililoniuma. Mteja wetu mkubwa wa kwanza alikuwa shule moja ya binafsi. Tuliwafundisha walimu wao mmoja mmoja, tukakesha usiku wa kuamkia mitihani tukiangalia seva, na tukabuni kwa ajili yao chumba ambamo mwalimu peke yake ndiye anayeonekana na wanafunzi wananyosha mkono. Muhula ulipokwisha wakahamia kwenye huduma ya nje, wakasema ni ya bure, na malipo ya mwezi wa mwisho hayakuletwa. Nilipopiga simu hazikupokelewa. Baadaye mzazi mmoja akaniambia kwamba watoto walikuwa wakiulizia kile kitufe cha kunyosha mkono cha zamani. Nilifurahi kulisikia hilo, lakini kidonda hakijakauka, na kila ninapopita karibu na lango la shule ile nakumbuka usiku tuliokesha.

Kutokana na hayo nawaambia nyote mnaotaka njia hii: andikianeni mkataba na wateja. Mapenzi ya mji hayalipi kodi ya seva. Mwenye shule anayekuita mwanawe leo ni huyohuyo atakayekuuliza kesho kwa nini alipe kitu ambacho wengine wanatoa bure, na usipokuwa na karatasi iliyotiwa saini utabaki na sifa peke yake. Vijana wetu tumezoea kuona aibu kutaja bei mbele ya mtu mzima. Aibu hiyo tuiache mlangoni, kwa sababu mtu mzima huyo hana aibu ya kutumia jasho lako. Tena tusijidharau. Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba mambo haya ni ya California. Watu wa California hawajui kwamba bibi harusi anakaa Mji wa Kale, ami zake wako Maskati na kaka yake yuko London, na kwamba wote hao wanataka kuisikia khutba ya nikaha neno kwa neno huku upande wa wanawake ukitaka kamera zifungwe. Sisi tunajua, na majuzi tumeifanikisha shughuli ya namna hiyo bila sauti kukatika hata mara moja.

Suala hilo la kamera lina uzito wa peke yake. Darsa za akina mama kwetu huingia kamera zikiwa zimezimwa tangu mwanzo, na msimamizi hana uwezo wa kumwashia mtu kamera, wala kurekodi hakuwezekani mpaka kila aliyemo aone tangazo na akubali. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai ridhaa, lakini hata kabla ya sheria adabu ilikuwa inatudai. Na mkweli asidanganye kuhusu usiri. WebRTC husimba kila mkondo kwa lazima, yaani huufumba ili wa njiani asiuelewe, lakini katika seva ya kusambaza ya kawaida usimbaji huo huishia kwenye seva na kuanza tena, maana yake mwenye seva, akitaka, anaweza kusikiliza. Ukiwaambia watu kwamba hakuna awezaye kusikia isipokuwa washiriki, basi uwe umejenga usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwelikweli. Zoom yenyewe iliingia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani Novemba 2020, baada ya tume hiyo kuishutumu kwa kutoa ahadi hiyo bila kuitimiza.

Kabla ya kumpa mtu yeyote programu yako, ijaribu kwa mtandao mbaya. Mfumo wa Linux una zana iitwayo netem, ambayo hukuwezesha kupoteza pakiti kwa makusudi na kuongeza ucheleweshaji. Poteza asilimia 10 ya pakiti, usikilize. Kisha shika simu ya bei ndogo kuliko zote zinazouzwa mitaani, ingia kwenye kikao kwa Wi-Fi, toka nje ya nyumba hadi simu ihamie kwenye data, na uone kama kikao kinajiunga tena chenyewe. Mwombe mtu akupigie simu ya kawaida katikati ya mazungumzo, maana kipaza sauti kitanyang'anywa na usipojiandaa hakitarudi. Jaribu pia katika ofisi zinazofunga milango ya UDP, njia ya haraka ambayo sauti na picha hupitia kwa kawaida. Huko utahitaji seva ya TURN, yaani seva ya kupokezana pale njia ya kawaida inapozibwa, inayopita kwenye mlango wa 443 ambao tovuti hutumia, la sivyo mteja wako wa ofisini ataona skrini nyeusi na kukulaumu wewe.

Mwisho piga hesabu ya kile unachokiuza. Chumba cha watu 40 ambamo kila mmoja anaonwa na wote kina mikondo 1,560 inayotoka kwenye seva. Chumba hichohicho, mwalimu peke yake akionekana, kina mikondo ya picha 39, na kwa kilobiti 500 kila mmoja ni chini ya megabiti 20 kwa sekunde. Sisi tunatoza vyumba hivyo viwili bei tofauti, kwa mwezi, kupitia M-Pesa, na malipo hutangulia. Madrasa hulipa kiasi kidogo kwa sababu zinatumia chumba cha aina ya pili na muda wao unajulikana. Anayetaka nyuso zote 40 zionekane tunamwonyesha hesabu hii kwenye karatasi, na wengi wao, wakishaiona, huchagua kumwona mwalimu na kumsikia kila mwanafunzi.