Kabla ya kununua mapipa, tafuta mnunuzi

Wanafunzi wanaotaka kuanzisha urejelezaji wa taka chuoni kwao huniuliza swali lile lile: mapipa ya rangi tutayapata wapi? Nami huwauliza: chupa zenyewe atazinunua nani? Mapipa yana siku yake, na siyo leo.

Tulipoanza sisi, kwenye chuo kimoja cha Dar es Salaam, tulikuta chupa tayari zina wenyewe. Kina mama wa usafi walikuwa wakizitenga alfajiri na kuzijaza kwenye viroba nyuma ya bweni, kisha kijana wa guta anapita na mzani wake. Hela yenyewe ndogo, lakini ndiyo nauli ya daladala na mboga ya jioni. Sasa waje wanafunzi na fulana zao za kijani watangaze kwamba kuanzia leo makopo yote ni ya klabu ya mazingira! Huo ni uporaji, hata kama mna barua ya mkuu wa chuo. Isitoshe, wanaojua taka za chuo zinatoka wapi, saa ngapi na kiasi gani ni kina mama hao hao.

Kaeni nao kwanza. Sisi tulikubaliana chupa za mabwenini zibaki zao, sisi tushughulike na kantini, kumbi za mihadhara na karatasi za ofisini, na siku ya mnunuzi tupime pamoja ili asitucheze kwenye bei. Mkubwa wao alikuwa akishika chupa, anafungua kifuniko, anaikanyaga kwa kisigino, anarudisha kifuniko upesi kabla hewa haijaingia. Sisi tulikuwa tunajaza kiroba upepo.

Hesabu yake ni hivi. Chupa ya maji ya nusu lita huwa na gramu kati ya 10 na 20, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Hakuna atakayechoma mafuta kuja kubeba kilo tano. Lazima mlimbikize, na kulimbikiza kunataka stoo yenye paa. Hapo msilegeze: chupa ikikaa na maji ya mvua inazalisha mbu wa dengi, na Dar haijasahau milipuko ya 2014 na 2019. Na karatasi ikishalowa masika, hata bure haibebwi.

Mwulizeni mnunuzi anachukua nini, na anakitaka katika hali gani. Kwa kawaida chupa angavu zina bei kuliko za rangi. Vifuniko ni plastiki ya aina nyingine. Kiwandani, chupa zikishasagwa na kutiwa majini, vipande vya kifuniko huelea na vya chupa huzama, kwa hiyo wapo wanunuzi wasiojali na wapo wanaotaka vitolewe. Msipouliza, mtapoteza Jumamosi nzima mkifungua vifuniko bila faida.

Haya, mapipa sasa. Rangi haisaidii sana, hasa mtu akiwa anakimbilia kipindi. Kinachosaidia ni mfuniko uliofungwa imara wenye tundu la duara, linalopitisha chupa tu. Pipa la wazi karibu na kantini hujaa wali na mifupa kabla ya saa nane, na kunguru wa mji huu watamalizia kazi. Pipa lenu la tundu liwekeni ubavuni mwa pipa la kawaida, maana mtu hatembei hatua 20 kwa ajili ya chupa.

Fedha zipitie akaunti yenye watia saini wawili, mmoja wao mtumishi wa chuo. Wanafunzi huhitimu na kuondoka. Mtumishi ndiye atakayewaonyesha wa mwaka wa kwanza stoo iko wapi na namba ya mnunuzi ni ipi.

Kitu kimoja ambacho wengi hawakitegemei: karatasi nyingi huja wiki za mitihani ya mwisho wa muhula, vitini vinapomwagwa kwenye korido za mabweni. Mtu akishafanya mtihani hataki hata kukiona. Wekeni masanduku milangoni kabla ya mtihani wa kwanza, na mnunuzi aahidi siku ya kuja kabla chuo hakijafungwa, kwa sababu wakati wa likizo mlinzi wa getini hamruhusu mtu wa guta kuingia.