MRI safi si kupona: msifute miadi ya anjiografia

Hapana dada, msiifute hiyo miadi. Unasema mdogo wako ana AVM kichwani, lile fundo la mishipa ya damu lililoungana vibaya, alipigwa mionzi ya Gamma Knife miaka 3 iliyopita, MRI ya juzi imetoka safi, na familia sasa inaona anjiografia ya katheta, ile picha ya mishipa inayopigwa kwa kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, ni kujitafutia hatari bure. Maneno hayohayo niliyasema mimi. Miezi 7 baadaye niliokotwa bafuni.

Yangu ilikuwa kisogoni upande wa kushoto, ndogo, haifiki sentimita 3. Ilishavuja damu mara moja, ndivyo ilivyojulikana. Nilielezwa vizuri kwamba mionzi haizibi mishipa siku ileile. Kuta zake hunenepa kwa ndani taratibu, na kujifunga kabisa huchukua miaka 2 hadi 3, kwa wengine zaidi, na muda wote huo inaweza kupasuka. Nikangoja. Mwaka wa tatu nikapigwa MRI, na aliyenisomea majibu, tena tumesimama kwenye korido, akanipa mkono: "Hongera, umepona, nenda kaishi." Nikamuuliza, na ile anjiografia iliyoandikwa kwenye faili? Akajibu kwamba hiyo ni ya kujiridhisha tu, haina haraka.

Hakuwa na haki ya kulitamka neno "umepona". Miaka imepita na bado nina hasira naye.

Shemeji yangu naye akaongeza lake, kwamba kuingizwa mpira kwenye mshipa mpaka shingoni ni majaribio, watu wanapooza. Majaribio gani? Daktari Egas Moniz alipiga picha za mishipa ya ubongo kule Ureno mwaka 1927! Hatari ya kiharusi ipo, sikufichi, lakini wanaobaki na madhara ya kudumu ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Upande wa pili wa mizani kuna fundo la mishipa ambalo hujui kama limefunga. Ikibaki hata njia moja wazi, damu ya ateri, mshipa unaoitoa moyoni kwa nguvu, inamwagika moja kwa moja kwenye vena, mshipa wa kuirudisha, ambao haukuumbwa kubeba msukumo ule. Nikawasikiliza hao wawili, nikapiga simu kufuta miadi, na siku ile nilijiona mtu mwenye akili.

Baada ya kuvuja mara ya pili, nusu ya kulia ya kila ninachotazama haipo, kwa macho yote mawili. Mtu akinijia upande huo simwoni mpaka aniguse bega.

Ndipo wakaifanya ile anjiografia, safari hii kwa dharura. Nilipopata nafuu daktari aliniita nikae mbele ya kompyuta yake. Mifupa ya fuvu yote imefutwa kwenye picha, imebaki mishipa peke yake, myeusi kama mizizi ya mti. Akawa anaisogeza picha moja moja. Ateri hujaa kwanza, halafu vile vimishipa vidogo, mwisho vena. Akasimamisha, akaweka kidole kwenye kioo: "Tazama hapa." Ateri bado zinajaa, na tayari kuna uzi mmoja mwembamba, mweusi tii, unaelekea nyuma. Ilikuwa vena, imejaa kabla ya zamu yake. Hiyo ndiyo iliyoniangusha, na MRI yangu haikuiona. MRI ya kawaida inakuonyesha mishipa ilivyokaa. Anjiografia inakuonyesha damu inavyopita, ipi imetangulia na ipi imefuata. Kwa picha hizohizo walipitisha katheta nyembamba zaidi hadi kwenye mshipa uliokuwa ukilisha pale, wakauziba kwa gundi.

Kuhusu kipimo chenyewe, mwambie mdogo wako asiogope. Nilipokwenda tena kuhakikishiwa, nilikuwa macho. Unapigwa ganzi kwenye kinena (siku hizi wengine hupitishiwa kwenye kifundo cha mkono), na mpira unavyopita ndani husikii chochote. Dawa ya picha ikimiminwa unahisi joto linapanda upande mmoja wa uso, mara nyingine mwanga unamulika kama radi, unaambiwa usipumue, usitikisike, basi imepita. Baada ya hapo unalala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, na kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kama ana mzio wa dawa ya picha, shida ya figo au ujauzito, aseme mapema.

Hayo uliyouliza ya kupanda ndege na mazoezi yangoje kwanza. Mkishatoka kwenye kipimo, aombe kuonyeshwa picha zenyewe, si karatasi ya majibu, na aulize swali hili kwa maneno haya: "Kuna vena inayojaa mapema?" Asikubali kuambiwa amepona na mtu ambaye hajalijibu hilo akiwa na picha mbele yake.

Miadi ni lini? Niandikie hapahapa.